Hedifoni za Shilingi Elfu Hamsini: Sugoi Zinamfaa Nani?

Mwishoni mwa 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ingenunua gunia la mahindi la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Hedifoni za Sony aina ya WH-1000XM5, zilizotoka mwaka 2022, zilianza kuuzwa Marekani kwa dola 399. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni takriban shilingi 51,500, kabla ya gharama ya usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Kwa mkulima wa Sugoi hayo ni magunia karibu 13, na hapo hajatoa gharama ya mbegu, mbolea na trekta. Toleo lililofuata, XM6, liliingia sokoni Mei 2025 kwa dola 449, yaani magunia 14 na nusu. AirPods Max za Apple, zilizozinduliwa Desemba 2020 kwa dola 549, zinakaribia magunia 18.

Sitoi hesabu hii ili kumcheka anayenunua. Wanunuzi wapo hapa Sugoi, Turbo na Eldoret: vijana wanaofanya kazi za mtandaoni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, na wengine wanaoletewa na ndugu walio ng'ambo. Wengi huniuliza swali lile lile kabla ya kutoa pesa: je, sauti ya hedifoni za elfu hamsini ni bora mara tano kuliko ya zile za elfu kumi? Swali hilo limekosea njia tangu mwanzo, kwa sababu sehemu kubwa ya bei hiyo hailipii muziki. Inalipia ukimya. Anayetaka kujua kama bei inamfaa apime kwanza ni saa ngapi za maisha yake anazozitumia ndani ya ngurumo.

Bei na sauti haviendi pamoja

Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za aina mbalimbali, kuanzia za kuingiza sikioni hadi zinazofunika sikio lote. Alilinganisha bei ya kila moja na jinsi inavyogawa besi, sauti za kati na sauti za juu. Hakukuta uhusiano wowote wa maana kati ya viwili hivyo. Aliyelipa zaidi hakuwa na hakika ya kupata mgawanyo bora wa sauti.

Anayefanya kazi studioni hashangazwi na jambo hilo. Sony MDR-7506, hedifoni za waya zilizotoka mwaka 1991, bado zinavaliwa na mafundi wa redio na studio duniani kote, na bei yake imekuwa ikizunguka dola 100, yaani shilingi 13,000 hivi. Hazina betri, hazina Bluetooth, hazifuti kelele. Kwa usikivu wa kazi, wa kutambua kosa dogo katika rekodi, zinasimama bega kwa bega na nyingi za bei mara nne.

Basi shilingi elfu hamsini zinaenda wapi? Sehemu inalipia jina na matangazo. Sehemu inalipia betri, redio ndogo ya Bluetooth na programu ya simu. Fungu zito linaingia kwenye maikrofoni na vichakataji vya kufuta kelele, na hapo ndipo hedifoni za ghali huziacha kweli zile za rahisi.

Ukimya unavyotengenezwa

Wazo hili si jipya. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936. Lililobaki ni kulifanya litumike. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa MIT, alikuwa ndani ya ndege akirudi Marekani kutoka Zurich. Alivaa hedifoni walizopewa abiria, injini zikameza muziki, naye akaanza kuandika hesabu za kufuta ngurumo ile kabla ndege haijatua. Kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani mwaka 1989, kisha mwaka 2000 ikatoa QuietComfort kwa abiria wa kawaida. Kwa hiyo kifaa hiki kilizaliwa kwa ajili ya mtu aliyekaa saa nane karibu na injini, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi kinayoijua vizuri kuliko zote.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Maikrofoni zilizo juu ya hedifoni husikia kelele inayokuja. Kichakataji hutengeneza wimbi lililo kinyume chake, mwinuko wa lile ukikutana na bonde la hili, na mawimbi hayo mawili hupunguzana kabla ya kufika kwenye ngoma ya sikio. XM5 zina maikrofoni nane za kazi hii. Hedifoni za bei ya chini huwa na chache, na kichakataji chake huwa cha polepole.

Fizikia inaweka mpaka ambao hakuna pesa inayouvuka. Sauti nzito ya hertzi 100, mfano wa mngurumo wa injini, ina wimbi la urefu wa mita tatu na zaidi. Ni wimbi pana na la mwendo unaotabirika, hivyo ni rahisi kulilenga. Sauti kali ya hertzi 3,000 ina wimbi la sentimita 11 hivi, na kuchelewa kidogo tu kunatosha kulikosa. Ndiyo maana teknolojia hii hufanya maajabu kwa sauti nzito zisizobadilika, hulegea kadiri sauti inavyopanda, na kwa sauti kali huiachia kazi mito inayofunika sikio. Mto mzuri unaoziba vizuri huwezi kuuita teknolojia ya siri: hedifoni za elfu kumi nazo zinao.

Kelele za kwetu

Tuzipitie kelele za Sugoi moja baada ya nyingine, kwa sababu matangazo yanayotufikia yametengenezwa kwa mtu anayepanda treni za chini ya ardhi.

Matatu ya kwenda Eldoret kwanza. Katika Toyota HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo abiria aliyeketi kando ya dereva yuko juu ya ngurumo yenyewe. Hapa hedifoni za ghali zinajilipia. Ukizibonyeza, mngurumo unadidimia, mtetemo unabaki kwenye miguu tu, na podikasti inasikika kwa sauti ya chini. Anayeita abiria mlangoni bado utamsikia, maana sauti ya mtu iko juu ya eneo lile la ushindi. Muziki wa matatu utabaki nusu: besi inapungua, waimbaji wanapenya.

Pili, mvua juu ya mabati. Kila anayeishi nyanda hizi anaijua alasiri ya Julai, wingu likifunguka juu ya nyumba isiyo na dari na mazungumzo yakisimama. Mvua ya mabati ina kila aina ya sauti kwa pamoja, nzito hadi kali. Ukiwasha ufutaji kelele, ule uzito wa chini unaondoka mara moja, kisha unabaki na mchapo wa matone, mwembamba na mkali, usiopungua sana hata ukiwa umevaa za dola 449. Tofauti kati ya hizo na za kufuta kelele za shilingi elfu kumi na tatu ipo, ila ni ndogo kuliko ulivyoisikia ndani ya matatu. Fundi wa kukuwekea dari atakusaidia zaidi, na familia nzima itafaidika.

Tatu, mashine ya kusaga unga. Hapa nasema bila kuzunguka: hedifoni za muziki si kinga. Kanuni za kelele kazini za Kenya, za mwaka 2005, zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Anayesimama kando ya mashine siku nzima anahitaji vikinga masikio vya kazi, vilivyopimwa na kuandikwa kiwango chake cha kupunguza sauti. Hivyo ni vya bei ndogo sana ukivilinganisha na hedifoni hizi.

Nne, sauti za watu: watoto sebuleni, redio ya jirani, spika za mkesha wa maombi. Mazungumzo hupunguzwa zaidi na mito kuliko na umeme, kwa hiyo ghali na nafuu hukaribiana. Na usiku? Usiku wa Sugoi, mbali na barabara kuu ya malori yanayoelekea Malaba, ukimya ule aliokuwa akiuwaza Bose angani unapatikana bure.

Simu, data na redio

Hata pale muziki unapokuwa ndio shabaha, hedifoni ni kiungo cha mwisho tu cha mnyororo. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Asiyelipia hupata sauti isiyozidi kilobiti 160 kwa sekunde, anayelipia huweza kufikia 320 na zaidi. Wengi wetu tunapunguza zaidi ili kuokoa data, au tunasikiliza nyimbo zilizopitia WhatsApp mara kadhaa. Kodeki ya LDAC ya Sony, yaani njia yake ya kubana sauti, inaweza kupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde kupitia Bluetooth, na Android imekuwa nayo tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017. Lakini bomba pana halina faida kisima kikiwa kimekauka. Mwenye iPhone hana LDAC kabisa, hata akinunua hedifoni za Sony zinazojisifu kwayo. Mwenye Tecno au Infinix akinunua AirPods Max atakuwa amelipia vitu vingi ambavyo vinafanya kazi tu na simu za Apple.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo linagusa nyumba nyingi hapa. Wasikilizaji wengi wa Kass FM na Chamgei FM hutumia redio iliyo ndani ya simu, isiyokula data hata kidogo. Redio hiyo hutumia waya wa iafoni kama antena. Ukivaa hedifoni zisizo na waya, simu nyingi zitakuambia uchomeke iafoni kwanza. Mzee aliyezoea kusikiliza taarifa na mijadala kwa Kikalenjin kila jioni akiletewa zawadi ya elfu hamsini, atalazimika kununua data ili asikie kituo alichokuwa akikipata bila malipo. Kwake iafoni ya waya ya shilingi mia kadhaa ni bora, na hilo si suala la kujifariji.

Kazi za mtandaoni

Kundi linalonisumbua zaidi ni vijana wanaonunua hedifoni hizi kwa kazi: kunakili sauti kuwa maandishi, kuhudumia wateja wa ng'ambo, kufundisha kwa video. Wanaziita mtaji, na mtaji huwa una hesabu yake.

Kwenye kompyuta nyingi, unapowasha maikrofoni ya hedifoni za Bluetooth, kifaa huacha hali ya muziki na kuingia hali ya simu. Sauti unayoisikia hushuka papo hapo, inakuwa finyu kama ya simu, na wewe mwenyewe unasikika hivyo kwa mteja. Hutokea kwa za elfu tano, hutokea kwa za elfu hamsini. Anayenakili sauti naye hukutana na ucheleweshaji wa Bluetooth kila anaposimamisha na kurudisha rekodi. Kwa kazi zote mbili, hedifoni za waya za studio pamoja na maikrofoni ya USB humpa mteja sauti safi zaidi, na bei yake kwa pamoja haifiki nusu ya XM5. Anayehitaji kweli kufuta kelele ni yule anayefanya kazi karibu na jenereta au barabara kuu, na afanye hivyo akitumia maikrofoni ya pembeni.

Hoja nzito kwa upande wa ghali

Upande wa pili una hoja moja ninayoiheshimu kuliko zote: masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 90 unabaki na takriban saa nne tu kwa wiki. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti ya juu.

Aliye ndani ya matatu huongeza sauti ya simu hadi izidi injini. Injini ikinyamazishwa, haja ya kuongeza inaondoka. Kwa anayesafiri kila siku, kifaa kinachomwezesha kusikiliza kwa nusu ya sauti ni ulinzi, na seli za usikivu ndani ya sikio zikishakufa hazirudi. Ila ulinzi huo unaanzia kwenye hedifoni za bei ya kati. Soundcore Space One, zilizotoka mwaka 2023 kwa dola 99.99, hufuta ngurumo ya injini vizuri vya kutosha kumfanya msafiri apunguze sauti. Sony na Bose hufuta zaidi, na tofauti hiyo unaisikia, lakini hatua kubwa ya kiafya ulikwisha kuipiga kwa shilingi 12,900.

Wanariadha nao wasikie hili. Hedifoni za kufunika sikio hazikuumbwa kwa jasho, na XM5 hazina kiwango chochote kilichothibitishwa cha kuzuia maji. Anayekimbia alfajiri kando ya barabara ya malori akiwa amefuta kelele amejifuta mwenyewe barabarani. Mwendesha bodaboda hali kadhalika.

Zitadumu?

Betri si tatizo siku ya kwanza. XM5 hutoa saa 30 huku zikifuta kelele, Sennheiser Momentum 4 saa 60, AirPods Max saa 20. Stima zikikatika jioni mbili mfululizo, bado unasikiliza. Tatizo huja miaka mitatu au minne baadaye, lithiamu inapochoka na fundi wa karibu hana betri ya asili wala ujasiri wa kufungua. Hapo uulize kama hedifoni zitalia kwa waya. XM5 hulia hata zikiwa zimezimwa. AirPods Max za toleo la kwanza betri ikiisha hazilii hata kwa waya.

Kinachoharibika mapema zaidi ni mito. Ngozi bandia hunyonya jasho na vumbi, hupasuka, kisha huanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoshika kwenye nywele na shingoni. Mto ukipasuka hauzibi tena, na hedifoni isiyoziba haifuti kelele vizuri hata kama vichakataji vyake ni vizima. Ndiyo maana kabla ya kununua huwa nauliza kwanza mito ya kubadilisha inauzwa wapi na kwa bei gani. XM5 hazikunjiki, hivyo zinachukua nafasi kubwa kwenye begi. XM4 za mwaka 2020 na XM6 hukunjika.

Halafu bandia. Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi tangu 2008 na mamlaka ya kuitekeleza, lakini AirPods Max za shilingi elfu nne bado zinaning'inia madukani zikiwa na boksi linalofanana na halisi hadi nembo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiwa kaunta, kabla hujalipa, ziunganishe na programu rasmi ya mtengenezaji kwenye simu yako: zikikataa kutambuliwa, rudisha. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye kifaa na ile ya boksi, kisha iangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji. Bonyeza kufuta kelele ukiwa karibu na friji au gari linalonguruma, usikubali kujaribia dukani kimya. Uliza waranti inaheshimiwa na nani hapa Kenya, na ujibiwe kwa maandishi kwenye risiti. Zilizoletwa kutoka Dubai au Uingereza mara nyingi huwa na waranti ya huko huko.

Daftari kabla ya mfuko

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua mtu anayekaa ndani ya ngurumo saa mbili kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kwa miaka minne. Hizo ni saa 2,400. XM5 za 51,500 zitamgharimu shilingi 21 na senti kila saa, na Space One za 12,900 shilingi tano na senti. Tofauti ni kama shilingi 16 kwa saa, na msafiri wa kila siku anaweza kuamua kwamba ukimya ulio bora unastahili hizo.

Sasa mchukue anayekwenda Eldoret mara moja kwa wiki, saa moja kwenda na saa moja kurudi. Kwa miaka minne hafikishi saa 420. XM5 zinamgharimu shilingi 120 na zaidi kila saa, Space One shilingi 31. Hata kama zile nafuu zitakufa baada ya miaka miwili na kulazimika kununua nyingine, atakuwa ametumia 25,800, nusu ya bei ya Sony. Tofauti ya jozi moja kwa moja, shilingi 38,600, inanunua magunia 15 ya mbolea ya ruzuku kwa bei ya 2,500.

Hukumu yangu ni hii. Chini ya shilingi elfu tatu, usilipie ahadi ya kufuta kelele, chukua iafoni nzuri za waya na redio yako iendelee. Kati ya elfu nane na elfu kumi na tano ndipo wengi wa Sugoi, Turbo na Eldoret wanapofaa kuishia, wanafunzi wakiwemo. Za elfu hamsini zinamfaa anayepanda basi la Nairobi kila wiki, zaidi ya kilomita 300 kila upande, anayeruka kwa ndege mara kwa mara, au anayefanya kazi kando ya injini na tayari ana maikrofoni yake. Na hata huyo asubiri toleo jipya litoke, kisha anunue la nyuma yake likishuka bei.

Kabla hujatoa pesa, andika kwa wiki moja tu saa zote unazokaa ndani ya ngurumo. Zikipungua kumi, acha za ghali dukani.